Uchambuzi wa kisa: darubini ya mbele, risasi zinazotawanyika na jua la mgongoni

Malalamiko yalikuwa matatu, lakini mwenye bunduki aliyaleta kama moja: darubini mbovu. Risasi zinatawanyika upana wa kiganja kwa mita 100. Kuna nyakati akiinua bunduki haoni kitu ila kivuli cheusi cha mviringo. Na jioni, kulungu akiwa amesimama wazi kabisa mbele yake, kioo kinajaa weupe na mnyama anapotea. Alishaanza kutafuta darubini ya bei mara mbili ya ile ya kwanza.

Bunduki yenyewe ni Ruger Gunsite Scout ya .308 Winchester, mtutu wa inchi 16.5 (karibu sentimita 42), magazini ya risasi 10. Darubini ni ya kukaa mbele: ukuzaji wa mara 2.5 usiobadilika, lenzi ya mbele milimita 28, bomba la inchi moja. Imefungwa juu ya reli iliyo kwenye mtutu, mbele ya risiva, yaani kile kipande cha chuma kinachobeba bolti (komeo la kufungia risasi ndani ya chemba). Eneo ni kaskazini mwa Arizona, nchi ya mireteni na misonobari mifupi, na windo ni kulungu wa aina ya mule deer. Umbali wa kupiga ni mita 60 hadi 200, mara chache 250.

Muundo huu, uitwao bunduki ya skauti, una chimbuko lake papo hapo Arizona. Jeff Cooper, mwanzilishi wa shule ya Gunsite iliyoko Paulden, ndiye aliyeupigia debe katika miaka ya 1980: bunduki ya bolti, fupi isiyozidi mita moja, yenye uzito wa kilo 3 hivi, ya mtu mmoja kutembea nayo siku nzima. Darubini aliisogeza mbele kwa sababu za kazi. Macho yote mawili yabaki wazi, risiva ibaki tupu ili mkono uishike bunduki pale inapokaa sawa kwa uzito na risasi ziweze kupakiwa kutoka juu, na kioo kisiwe karibu na nyusi bunduki ikipiga teke. Usahihi aliodai ulikuwa wa kawaida tu: risasi 3 ndani ya sentimita 10 hivi kwa yadi 200, sawa na dakika 2 za pembe (dakika moja ni sehemu ya 60 ya digrii). Kipimo hicho kinatosha kuhukumia kisa hiki. Bunduki inayotawanya sentimita 13 kwa mita 100 imeshindwa kukifikia: inatawanya zaidi ya mara mbili yake.

Jambo la kwanza lilikuwa kutogusa skrubu hata moja. Watu wengi huanza kwa kukaza kila kitu, na hapo ushahidi wote unapotea. Bunduki ilitolewa magazini, chemba ikatazamwa kwa jicho na kuguswa kwa kidole, kisha ikapelekwa kwenye benchi na mifuko ya mchanga ikiwa vile vile ilivyokuja. Risasi 10 zilipigwa kwa mita 100, moja moja, bolti ikiachwa wazi dakika chache kila baada ya risasi 3.

Karatasi ilisema mengi. Matundu 6 yalikaa pamoja kwenye duara la sentimita 5, na mengine 4 kwenye duara la ukubwa huo huo, sentimita 9 upande wa kulia. Hakuna tundu katikati. Mtutu ulioharibika au mpigaji anayeyumba hutawanya risasi ovyo kila upande. Mtutu unaopata joto huzisogeza kidogo kidogo kuelekea upande mmoja. Makundi mawili yaliyotengana namna hii maana yake ni kwamba kuna kitu chenye sehemu mbili za kukaa, na teke la kila risasi hukiacha huku au kule.

Kitu hicho hakihitaji kusogea sana. Pete mbili za darubini hii zilikuwa zimeachana milimita 100. Pete moja ikihama pembeni milimita 0.1, ambao ni unene wa karatasi moja ya kuandikia, pembe hubadilika kwa sehemu moja ya elfu, na kwa mita 100 risasi huhama sentimita 10. Kwa hiyo sentimita 9 za kwenye karatasi ni milimita 0.09 kwenye bunduki. Jicho haliwezi kuziona, na ukitikisa darubini kwa mkono hutasikia chochote.

Bunduki ilipofunguliwa, makosa yalikuwa matatu, moja juu ya jingine.

Pete zilikuwa za mfumo wa Weaver, zile zenye kichwa kikubwa cha skrubu chenye mfereji, na alama za sarafu zilionekana wazi: ndivyo zilivyokazwa. Reli ya bunduki ni ya mfumo mwingine, Picatinny. Mifereji ya Picatinny ina upana wa milimita 5.23 na hupangwa kila baada ya milimita 10.01, ule wa Weaver ni milimita 4.57. Pete ya Weaver huingia kwenye reli ya Picatinny bila shida, lakini hubaki na nafasi ya zaidi ya nusu milimita. Bunduki inaporudi nyuma kwa teke, darubini kwa uzito wake hutaka kubaki pale ilipokuwa, yaani ukiilinganisha na reli inakwenda mbele. Ikikuta nafasi, inakimbia na kugonga. Migongano mia moja ya namna hiyo hulegeza skrubu yoyote iliyokazwa kwa sarafu.

Chini ya pete, reli yenyewe ilikuwa legevu. Skrubu mbili zilizunguka kwa kidole baada ya robo mzunguko tu wa ufunguo, na nyuzi zake ziling'aa kwa mafuta. Mafuta ya kiwandani au ya kusafishia yakibaki kwenye nyuzi, skrubu huonekana imekaza huku haijashika, na joto la mtutu humalizia kazi.

La tatu lilikuwa kinyume cha hayo: vifuniko vya pete vilikazwa kupita kiasi. Bomba lilikuwa na mkwaruzo wa duara na bonde dogo linaloshikika kwa ukucha. Fundi aliyetumia sarafu chini alitumia ufunguo mrefu juu. Hii ni tabia ya kawaida. Watu hukaza kwa nguvu mahali panapoonekana. Bomba la alumini likibanwa hivyo, sehemu za ndani zinazobeba msalaba wa kulengea huweza kukwama, ukazungusha kifundo cha kuurekebisha kliki 8 na msalaba usisogee, kisha risasi inayofuata ikautikisa na kuufanya uruke kutoka mahali pake. Bahati nzuri bonde hili lilikuwa la juu juu, na msalaba ulijibu vizuri ulipojaribiwa baadaye.

Ufungaji wa upya ulifuata utaratibu huu. Skrubu za reli na matundu yake vilisafishwa kwa asetoni hadi kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Urefu wa kila skrubu ulikaguliwa isifike kugusa chini ya tundu kabla kichwa hakijabana reli, kosa linaloleta kukaza kwa uongo. Tone moja la gundi ya skrubu ya rangi ya buluu likatiwa kwenye nyuzi. Nyekundu haifai, haitoki bila moto. Skrubu zikakazwa kwa bisibisi yenye kipimo, kwa kupishana, kwanza nusu kisha yote: kwa skrubu nyembamba za aina ya 6-48 ni nyutoni-mita 2 hivi, na kwa zile nene za 8-40 ni karibu 3. Penye maelekezo ya mtengenezaji, hayo ndiyo yafuatwe. Gundi iliachwa usiku mzima.

Pete zikabadilishwa na kuwekwa za Picatinny halisi, za chuma, za chini kabisa. Lenzi ya milimita 28 haina tumbo kubwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuipandisha. Inatosha mwanya wa milimita 2 au 3 kati yake na reli au mtutu. Isiguse tu. Kabla ya kukaza, kila pete husukumwa mbele hadi jino lake liguse ukuta wa mbele wa mfereji, ikashikiliwa hapo, ndipo nati ikazwe. Kwa pete za chuma nguvu huwa kati ya nyutoni-mita 5 na 7. Vifuniko vya juu vikapewa 1.9 tu, skrubu zikikazwa kwa kuvuka kona hadi kona, mianya ya pande mbili ikiwa sawa.

Hapa ndipo lalamiko la pili, lile la kivuli cheusi, lilipotatuliwa. Darubini ya mbele hutaka jicho liwe mbali, kwa aina hii takriban sentimita 22 hadi 28 kutoka lenzi ya nyuma. Yeye aliifunga kwenye mifereji ya nyuma kabisa ya reli akidhani ukaribu utampa picha kubwa, na jicho lake likawa kwenye sentimita 19. Kipimo kizuri hufanywa hivi: bunduki ikiwa tupu, mtu avae koti analowindia, asimame, afumbe macho, ainue bunduki hadi shavu litulie kwenye kitako, kisha afumbue. Picha iwe imejaa papo hapo. Kukiwa na kivuli pande zote, darubini isogezwe mfereji mmoja, yaani milimita 10, na jaribio lirudiwe akiwa amesimama, amekaa na amelala kifudifudi, kwa sababu mtu akilala shingo husogea mbele. Kitako cha Ruger hii kina vipande vya kuongeza urefu, kila kimoja nusu inchi, na kukiondoa kimoja kwa ajili ya koti nene la Novemba hubadilisha hesabu yote. Kwa hiyo urefu wa kitako huamuliwa kwanza, darubini baadaye. Darubini ilihama mifereji 5 mbele na kivuli kikaisha.

Msalaba ulisawazishwa kwa timazi: kamba yenye uzito ilining'inizwa mita 25 mbele, bunduki ikalazwa sawa kwa pima-maji iliyowekwa juu ya reli, mstari wa wima wa msalaba ukalinganishwa na kamba. Mwinamo wa digrii 5 haudhuru kwa mita 100. Ila mtu akiinua msalaba juu ya mnyama ili kufidia mteremko wa risasi wa mita 300, mwinamo huo huipeleka kando sentimita 5 hivi.

Jaribio la pili: risasi 5 mtutu ukiwa baridi, zote ndani ya sentimita 4.5. Darubini "mbovu" ilikuwa nzima. Zikaongezwa risasi 10 za haraka ili kuona joto linafanya nini. Kundi lilipanda sentimita 2, jambo linalovumilika, lakini tatizo kubwa zaidi lilikuwa kwenye picha: hewa ya moto inayopanda kutoka mtutu hupita mbele ya lenzi, na karatasi ya shabaha ikaanza kucheza. Darubini inayokaa juu ya risiva haipati mvuke huo kwa kiasi hicho. Kama reli ni ya alumini kuna la ziada: alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na kwa reli ya milimita 140, mtutu ukipanda nyuzi 60 za Selsiasi, tofauti ni kama milimita 0.09. Skrubu zikishika vizuri, reli hujipinda kidogo badala ya kuteleza, na mtutu ukipoa hurudi. Kwa mwindaji anayepiga risasi moja, mbili ikizidi, haya yote ni ya benchi tu. Ila asiweke sifuri, yaani kulinganisha msalaba na mahali risasi inapopiga, kwa mtutu wa moto.

Lililobaki ni la jioni, na hili skrubu haziliponyi.

Hesabu ya mwanga inaipendelea darubini ya mbele. Gawanya 28 kwa 2.5, upana wa mwale unaolifikia jicho ni milimita 11.2, zaidi ya mboni ya binadamu inavyoweza kupanuka. Ndiyo maana muuzaji atakuambia haina shida ya giza. Shida iko nyuma ya kioo. Lenzi ya nyuma ya darubini ikiwa sentimita 24 mbele ya uso, kichwa na kofia haviifuniki kama vinavyoifunika darubini ya kawaida. Jua likiwa chini na mgongoni, mwanga hulipita bega, hupiga lenzi na kurudi machoni. Mwindaji anaona anga na shati lake mwenyewe juu ya kulungu. Baada ya jua kuzama tatizo hubadilika: picha ya darubini ni duara dogo katikati ya dunia iliyo na mwanga zaidi, na jicho hujirekebisha kwa ile dunia, si kwa duara. Manyoya ya kijivu mbele ya mireteni hayatofautiki tena.

Swali lililoamua kila kitu lilikuwa la mazoea yake: anakaa wapi, saa ngapi? Jibu: kwenye ukingo wa korongo, akitazama mashariki, saa ya mwisho ya mchana. Mgongo wake uko kwa jua kila jioni anayowinda. Angekuwa mtu wa kunyemelea msituni kwa miguu mchana, akipiga kwa mita 50 mnyama anayekurupuka, tungemwambia abaki na darubini aliyo nayo, avae kofia ya ukingo mpana na kuongeza mkunjo wa mpira kwenye lenzi ya nyuma. Kwa anayekaa akisubiri jioni, bunduki ya skauti iliyovaa darubini ya mbele ni chaguo la mapenzi tu. Na kadiri unavyokaribia ikweta uvumilivu wa mwanga hupungua: Arizona baada ya jua kuzama kuna kama dakika 26 au zaidi za mwanga wa kufanyia kazi, Arusha ni 22 hivi. Mwenye leseni Tanzania na .308 ya bolti akiwaza muundo huu aiweke hesabu hiyo mbele ya sifa za kwenye matangazo. Kenya suala halipo, uwindaji ulipigwa marufuku 1977.

Chaguo likawa darubini ya kawaida ya mara 2 hadi 7, lenzi milimita 33, juu ya risiva. Kwa mara 2 uwanja wa kuonea ni takriban mita 14 kwa mita 100, mara mbili ya ile ya mbele iliyokuwa na kama mita 7. Hapa wanaosifia darubini ya mbele kwa wepesi huwa hawapendi kuendelea na mazungumzo. Kwa mara 4 mwale ni milimita 8.25, unatosha jioni. Kwa mara 7 ni 4.7, na giza likiingia ni afadhali kuirudisha chini. Gharama yake ni gramu 100 hivi za ziada na kupoteza ule mshiko mzuri wa risiva tupu.

Risiva ya Ruger ina vikalio vya pete vilivyochongwa kwenye chuma chake, kwa hiyo reli nyingine haihitajiki, na pete huja na bunduki. Lakini kilengeo cha nyuma cha tundu hukaa pale pale pete ya nyuma inapotakiwa. Lazima kiondoke. Mambo manne hupimwa kabla ya kukaza. Mkono wa bolti uinuliwe hadi juu bila kugusa lenzi ya nyuma, na vidole vikiwa ndani ya glavu. Tumbo la lenzi ya mbele, lenye kipenyo cha nje cha kama milimita 40, lisiguse reli ya mbele iliyobaki kwenye mtutu: iachwe milimita 3 pamoja na kifuniko cha lenzi, ikikosekana reli iondolewe au pete zipande saizi moja. Jicho liwe milimita 80 hadi 100 kutoka kioo, kipimo kikifanywa kwa mara 7, kwa sababu hapo ndipo uvumilivu ni mdogo. Na maganda: bolti ivutwe kwa kasi na risasi bandia 10, kuona kama linalotoka linagonga vifundo vya darubini.

Sifuri ilianza mita 25. Bolti ilitolewa, karatasi ikachunguliwa kupitia mtutu, msalaba ukasogezwa hadi vyote viangalie nukta moja. Kwa risasi ya gramu 9.7, inayotoka mtutu huu mfupi kwa takriban mita 800 kwa sekunde, na darubini ikiwa milimita 38 juu ya tundu la mtutu, kupiga nukta yenyewe kwa mita 25 kunakaribia sentimita 5 juu kwa mita 100. Kliki ya robo dakika husogeza milimita 7 kwa mita 100, ila kwa mita 25 ni chini ya 2. Wengi husahau kugawanya, wakaizunguka nukta kwa boksi zima la risasi. Ikathibitishwa mita 100 kwa makundi ya 3, mtutu ukipoa dakika 10 kati yake, risasi ya kwanza baada ya kusafisha mafuta ikiachwa nje ya hesabu. Ikiwa sentimita 5 juu kwa 100, kwa 200 inashuka 5 hivi, na kwa 250 karibu 19. Mita 250 ukawa mpaka wake.

Kila skrubu ilipigwa mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwani hadi kwenye pete, ili ikizunguka mstari ukatike. Reli ya mbele ilibaki mahali pake, kwa kuwa mwanya ulikuwa milimita 4. Kilengeo cha nyuma kimewekwa kwenye mfuko wa kitako pamoja na ufunguo wake, ila mwenyewe aliambiwa wazi: kikirudishwa msituni hakitakuwa na sifuri ya uhakika mpaka kijaribiwe kwa karatasi, na kwa mita 50 tu.